Utani Usiovuka Bahari

Didia, mchana

Shija mwanangu,

Sikuanzii kwa kusema mimi ni mzima na hofu ni kwako. Unaniona kila siku, uji wa leo tumekunywa pamoja, na kama ningekuwa mgonjwa mama yako angekwisha kuita kijiji kizima. Nakuandikia kwa sababu moja tu: jambo hili nikikuambia kwa mdomo nitagomba. Unanijua. Naanza vizuri namaliza vibaya, na wewe ukinyamaza kwa ule unyamavu wako uliotoka nao shule Tabora, ndipo moto unapanda kabisa. Sasa umekwenda mjini kuaga rafiki zako, nyumba imetulia, nimepata karatasi. Nitaiweka juu ya sanduku lako. Isome leo leo, maana kesho kabla hatujakupeleka stesheni kuna jambo litafanyika mlangoni pa nyumba hii, na sitaki likukute umesimama umekodoa macho.

Habari za koti, za soksi, za maji ya kunywa njiani, mama yako amekwisha kuzisema na atazisema tena mpaka gari la moshi liondoke. Mimi ni mpishi, sina wasiwasi na tumbo lako. Huko Trinidad unakokwenda kusoma hutakufa njaa. Wana muhogo, wana bamia, wana mbaazi wanazipika pamoja na wali, wana mboga ya majani inayoteleza, ukifumba macho utasema mlenda. Utakachokosa ni michembe, viazi vyetu vya kukaushwa, na nasikia michembe imekwisha kufichwa chini ya mashati yako. Basi hayo tuyaache.

Nataka tuseme habari ya jana.

Jana katikati ya karamu yako ya kuagwa, baba yako mkubwa, kaka yangu wa mama mwingine, aliinua kibuyu kitupu akaita mbele ya wageni wote: "Nsese wetu! Lete pombe, watu wanakauka!" Bibi yako akainuka na magoti yake yale, akaleta. Watu wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka. Na wewe, Shija, ulicheka.

Sikulaumu. Neno hilo umelisikia tangu unabebwa mgongoni, tena mgongoni mwake yeye, hata masikio yako hayalisikii kuwa ni neno. Lakini nilipokuona umecheka, moyo uliniuma sana, kwa sababu kicheko kile umekipata kwangu. Sikukufundisha kwa kusema, nilikufundisha kwa kukaa kimya. Nsese ni mtumwa wa kununuliwa. Mama yangu alinunuliwa akiwa binti mdogo, akatolewa Manyema, ng'ambo ya ziwa la Ujiji, akapitishwa mikono mingi mpaka akafika kwenye boma la baba yangu. Hapo akanizaa mimi. Yote hayo unayajua, hakuna siri ninayokufunulia. Usichokijua ni jinsi neno hilo lilivyonitokea puani huko huko unakokwenda wewe.

Kabla ya vile vita vikuu vya pili nilikuwa mpishi kambini Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Kambi ile ilikuwa na watu wa kila kabila, na kilichotuunganisha hakikuwa mshahara, kilikuwa utani. Nilikuwa na mtani wangu Mzaramo, Pazi, fundi wa pampu. Kila asubuhi alikuwa akija mlangoni pa jiko akipiga kelele, "Mtumwa wangu, chai iko wapi?" Nami namjibu, "Ngoja bwana wako anywe kwanza, mtumwa we, makapi utayakuta!" Alikuwa akininyang'anya kofia anakwenda nayo. Nami nachukua nyama kwenye sahani yake naila mbele ya macho yake, naye hana la kusema, kwa kuwa mtani hanuniwi.

Kaka yako, yule uliyemfuata, alipofariki kule Geita, sikuwa na ndugu hata mmoja karibu. Pazi alifika makaburini, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali. "Mtumwa wangu hazikwi hapa," akasema, "mpaka nipewe jogoo. Bila jogoo nalala humu mpaka mvua zije." Wazee wakambembeleza, yeye akajifanya anakoroma. Watu walicheka machozi yakiwatoka, na mimi nilicheka pia, siku ile ambayo nilidhani sitacheka tena maishani. Kwa hiyo usinione mjinga nikikuambia kwamba kwangu mimi neno "mtumwa wangu" lilikuwa neno tamu. Lilikuwa neno la mtu anayenipenda.

Lakini sikiliza na upande wa pili. Pazi yule yule akiniuliza habari za kwetu, nilimwambia mama yangu ni mke mkubwa wa boma, wa ukoo wa mtemi. Sikusita hata kidogo. Mama halisi nilimwacha huku Didia akipeta mtama, nikajitengenezea mwingine wa mdomoni. Mkataa kwao ni mtumwa. Methali hiyo nimeisema mara nyingi nikiwasema watu wengine.

Vita vilipokwisha nikaingia kazi kwa Bwana Shamba, yule Mzungu wa pamba. Mkewe alikuwa mgonjwa wa tumbo, hali chakula cha mtu mwingine ila changu. Bwana akapata uhamisho, kupelekwa Trinidad kwa kazi hiyo hiyo ya pamba. Memsahib akasema, bila Maganga mimi siendi. Ndivyo mtoto wa nsese alivyovuka bahari mbili kwa ajili ya supu ya kuku. Ningejua kuringa wakati ule, ningeringa!

Nikuambie kitu cha kwanza kilichonishangaza, nawe kitakushangaza. Wahindi. Hapa Shinyanga umezoea Mhindi yuko nyuma ya meza ya duka, wewe uko mbele. Kule nilishuka melini, tukapita kwenye mashamba ya miwa, nikaona Wahindi wako peku, panga mkononi, jasho linawatiririka, na msimamizi yuko juu ya farasi. Nikamuuliza dereva, hawa wamefanya kosa gani? Akanicheka. Akasema watumwa walipoachiwa huru walikataa kuinama tena kwenye miwa ya watu, basi wenye mashamba wakaagiza watu India, kwa mkataba. Nikajiambia, kumbe muwa hauna kabila. Unamla yeyote anayeletwa.

Cha pili ni watu weusi wenyewe. Utawaona utasema huyu ni fulani wa Ushirombo, huyu ni shangazi yako kabisa, mpaka namna ya kushika kiuno akigomba. Unafungua mdomo kumwamkia, naye anakujibu Kiingereza, au Kifaransa chao cha jikoni. Lugha ya bibi zao hawana. Majina yao ni ya wale waliowamiliki. Lakini usiwaonee huruma, hawaitaki. Ni watu wa kelele, wa mzaha, wajanja sana. Wanachukua mapipa ya mafuta, wanayaponda kwa nyundo mpaka yanatoa nyimbo, nyimbo kweli kweli, nilicheza nikasahau mkate kwenye jiko ukaungua. Memsahib alinisema wiki nzima.

Kwenye nyumba ya Bwana nilimkuta Simoni, mtunza bustani. Mtu mzima kuliko mimi, mrefu, mkimya, mikono mipana. Yeye ndiye aliyenifundisha soko, akanifundisha samaki yupi wa kununua na yupi wa kumwachia paka. Jioni tulikuwa tukikaa kwenye ngazi za nyuma, yeye na kiko chake, mimi na chai yangu. Siku moja, bila hasira, kwa namna ya mtu anayeuliza habari za mvua, akaniuliza, "Maganga, ninyi ndio mliotuuza?"

Mwanangu, swali hilo utaulizwa. Labda na mzee, labda na kijana mwenzio chuoni, labda na binti. Hawaulizi kwa ubaya. Wamekaa nalo muda mrefu, na wewe ndiye mtu wa kwanza kutoka upande huu wanayeweza kumwuliza. Baadaye nilikuja kujua babu zao walitolewa upande wa machweo wa Afrika, wa kwetu wakapelekwa pwani ya mawio. Lakini anayekuuliza hataki jiografia.

Mimi nilimjibu kifua mbele. "La. Sisi hatukuuza wala hatukuuzwa. Kwetu ni ukoo wa mtemi. Sisi tulikuwa na watumwa wetu wenyewe."

Simoni akavuta kiko, akasema, "Aha." Basi. Nami nikaona nimejibu vizuri.

Hapo ndipo nilipojikwaa, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Urafiki wetu ulikua. Nikawa nampenda yule mzee, na mapenzi yangu mimi nayajua kwa namna moja tu, ile ya Geita. Nikasema moyoni, huyu nimfanye mtani wangu. Asubuhi moja gunia la viazi limeletwa, liko chini kwenye ngazi, watumishi wengine wamesimama pale, na Simoni anapita na toroli lake. Nikamwita kwa sauti yangu yote, nikicheka, kwa Kiingereza changu cha jikoni: "Njoo hapa, mtumwa wangu! Mbebee bwana wako gunia!"

Nikangoja anijibu. Kwa Pazi ningejibiwa hata kabla sijafunga mdomo.

Simoni aliweka toroli chini polepole. Msichana wa kufua nguo akashika kinywa. Mzee akapanda ngazi mpaka tukawa tunatazamana, akasema kwa sauti ndogo, "Bibi yangu aliyenilea alikuwa na makovu mgongoni. Nilikuwa mdogo, nalala nyuma yake, nayapapasa kwa vidole mpaka usingizi unanichukua. Sema tena ulivyosema."

Sikusema tena. Akashuka, akashika toroli lake. Akaacha kuja kwenye ngazi. Samaki nikawa naletewa mbovu na kila mwuza samaki sokoni, maana habari ilifika sokoni kabla yangu. Mimi kwanza nikakasirika! Nikasema, watu gani hawa wasiojua mzaha? Nikanuna, nikagombana na masufuria. Lakini chai ya peke yako haina utamu, na mimi si mtu wa kukaa na neno tumboni. Mwisho nikamfuata bustanini, nikamwambia nimekosa, nikaanza kumweleza utani. Nikamweleza Pazi, kaburi, jogoo. Nikamwambia kwetu neno lile ni la upendo, kwa kuwa anayeitwa si mtumwa na anayeita anajua hivyo.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akikata majani. Halafu akauliza, "Na yule ambaye ni mtumwa kweli? Si umesema mlikuwa nao? Yeye akiitwa hivyo, anafanya nini?"

Nikasema, "Anacheka."

"Anacheka na nani?"

Shija, mimi si mtu wa kukosa jibu. Mama yako shahidi. Lakini pale bustanini nilianza kuhesabu. Pazi aliniita mtumwa nami nikamwita mtumwa. Tulirushiana, kila mtu na zamu yake. Sasa mama yangu, siku zote zile za kuitwa nsese kwenye ngoma, kwenye mavuno, kwenye harusi, alimjibu nani? Nani alimpa zamu? Tangu nizaliwe sikumsikia hata mara moja akimrudishia mtu neno. Alikuwa akicheka ili watu wamalize kucheka. Huo haukuwa utani. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi tulikuwa tunakunywa pombe juu ya kaburi.

Nikamwambia Simoni. "Huyo anayecheka ni mama yangu. Sina ukoo wa mtemi. Mama yangu alinunuliwa."

Akanitazama. Halafu mzee yule, ambaye wiki kadhaa hajanipa hata salamu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mti. "Umetoka kwenu Afrika," akasema, "umekuja mpaka hapa, ukamficha mama yako kwangu? Kwangu mimi? Ulidhani nitakudharau?"

Jumapili iliyofuata akanipeleka kwenye shamba la zamani ambako bibi yake alikuwa mtumwa. Pamebaki kuta za mawe na masufuria makubwa ya chuma, yale ya kuchemshia maji ya miwa, kila moja unaweza kumkalisha ng'ombe ndani. Siku hizi ng'ombe wananywea maji humo. Msukuma mimi, nikaanza kuwatazama ng'ombe, mmoja alikuwa mzuri sana, mwenye nundu. Simoni akanishika bega, akaniambia bibi yake alikuwa mtoto akikoka moto chini ya lile la tatu, na mwenzake alitumbukia. Tulikaa pale hadi jua lilipoanza kupungua makali, tukarudi kwa miguu, njiani akanifundisha wimbo wa matusi kuhusu gavana.

Tuliagana vizuri. Kama yuko hai utamwona, kila mtu sokoni anamjua. Kama amekufa, uliza alikolazwa, uende.

Sasa nikuambie aibu yangu kubwa, ambayo haiko Trinidad. Iko hapa Didia. Nilirudi nyumbani na maneno ya Simoni kifuani, nikasema nikifika tu nitasimama. Nikafika. Karamu ya kwanza, baba yako mkubwa akaita, "Nsese wetu!" Nami nikatazama kibuyu changu. Nikajiambia leo ni sherehe, nisiwaharibie watu. Na kila siku ikawa ni sherehe. Mimi ninayegomba na mwuza chumvi, ninayegomba na mvua, kwa hili nilikuwa bubu. Nikazeeka nalo hivyo, mpaka jana uliponionyesha meno yako yote.

Basi leo asubuhi nimegomba. Ulikuwa umekwisha kwenda mjini, umekosa mambo. Unajua mtoto wa nyumba hii hasafiri bila kupuliziwa maji mlangoni na mkubwa wa ukoo akiita mizimu imlinde, na mkubwa ni kaka yangu. Nimemwendea nimemwambia, kesho maji atayapuliza mama yangu. Akadhani nimelewa ya jana. Alipoona sijalewa akasimama. "Maganga, nsese hana mizimu hapa. Atamwita nani? Unataka mtoto avuke bahari mikono mitupu?" Nikamwambia mtoto anakwenda kuishi na watu ambao bibi zao wote waliuzwa, na katika boma hili zima mwenye kujua habari hiyo ni mmoja tu. Akasema basi yeye hatakuja. Nikamwambia asije. Tena nikamwambia, mtu akimwita mama yangu nsese kuanzia leo, ajue ananiita mimi, na mimi nitamjibu. Sauti zetu zimefika hadi barabarani, usishangae watu wakikuangalia ukirudi.

Najua nilichokifanya. Kaka yangu ni mtu wa kununa muda mrefu, na boma hili litapasuka kidogo. Litapasuka, litazibika. Sijutii, na leo nimekula ugali kwa raha ambayo sijaisikia siku nyingi.

Kwa hiyo ukiulizwa swali lile, usijibu kifua mbele. Sema ndiyo, kwetu watu waliuza watu, na kwetu nyumbani walimnunua bibi yangu. Yote mawili. Halafu kaa usikilize, maana watakuwa na yao ya kukuambia. Na mzaha uache kwanza mfukoni mpaka wakutanie wao.

Nilipotoka kwa kaka yangu nikamfuata bibi yako uani, anapeta mtama. Nikamwambia, mama, kesho utampulizia Shija maji. Hakuinua macho. "Mimi sina mizimu hapa." Nikamwambia, ita ya kwenu. Akaacha ungo. "Ya kwetu inasikia lugha ya kwetu. Na mimi lugha ya kwetu mara ya mwisho kuisema nilikuwa sijaota matiti." Kisha akanifukuza, eti ninamkanyagia mtama.

Tangu saa ile yuko nyuma ya ghala. Ninaandika hapa namsikia. Anasema neno, ananyamaza, anajikosoa, anaanza upya. Sauti si ile ninayoijua, ni nyembamba zaidi. Nilitaka kwenda kumwangalia, nikaona nimwache.

Sasa hivi amekuja mlangoni, mikono kiunoni. "Maganga. Nimepata maneno manne. Mengine yamekwenda. Yanatosha?"

Nikasema, "Yanatosha, mama."

"Yanatoka kwa mama yangu, hilo nina hakika. Lakini sijui kama ni ya kubariki." Akafikiri kidogo. "Huenda ni ya kuitia kuku."

Nikamwambia, "Basi kesho Shija atavuka bahari na kuku wote wa Manyema wanamfuata nyuma!" Naye akanijibu papo hapo, "Afadhali kuku, kuliko mpishi mwenye domo!" Mwanangu, tulicheka, mimi na yeye, mpaka akaketi chini kwenye kizingiti, mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Kesho piga magoti yote mawili, mbele ya kila atakayekuwepo, upokee maneno yale manne. Yakiwa ya kuku, nenda nayo hivyo hivyo.

Baba yako,
Maganga